Shajara ya mradi: kuchagua maswali ya utafiti wa selimundu pamoja na wazazi na wagonjwa, Lubumbashi

Januari: kabla swali halijaandikwa

Mradi huu unahusu selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao familia nyingi za Lubumbashi, Kongo, huutaja kwa herufi mbili tu, SS, yaani mtoto amepata jeni ya ugonjwa kwa baba na kwa mama pia. Tunataka wazazi wa watoto wagonjwa, pamoja na watu wazima wanaoishi na ugonjwa huo, wawepo mezani wakati swali la utafiti bado halijaandikwa. Mazoea yetu watafiti ni kuwaita watu fomu ya ridhaa ikiwa tayari: tunawasomea, wanauliza mawili matatu, wanatia sahihi au dole gumba, na ripoti inaandika kwamba jamii ilishirikishwa. Kwa maoni yangu huko ni kuwaarifu watu tu, tena kwa kuchelewa, kwa sababu wakati huo swali, vipimo, muda na bajeti vyote vimekwisha kuamuliwa na watu ambao hawajawahi kukesha na mtoto anayeumwa mifupa.

Ukubwa wa tatizo haubishaniwi. Uchunguzi wa watoto wachanga 31,204 uliofanyika Kinshasa, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009, ulikuta asilimia 1.4 wana ugonjwa wenyewe na asilimia 16.9 wamerithi jeni moja bila wao kuugua. Kwa hesabu hiyo, katika kila watoto 70 hivi wanaozaliwa mmoja ni mgonjwa.

Njia tutakayofuata imetokana na ile ya Muungano wa James Lind, ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambamo wagonjwa, walezi na wahudumu wa afya hukusanya maswali, huyaondoa yale ambayo utafiti umekwisha kuyajibu, kisha hukaa pamoja hadi wakubaliane juu ya maswali 10 ya kwanza. Nchini humo chombo cha umma cha kuwaingiza wananchi katika utafiti wa afya kilianza mwaka 1996. Sisi hatuna chombo kama hicho, wala hatuoni sababu ya kukisubiri, kwa kuwa kinachohitajika kuanza ni ukumbi, daftari, nauli na subira.

Februari: kikao cha kwanza, Katuba

Kikao kilifanyika Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa parokia moja ya Katuba, mojawapo ya komini (sehemu za utawala) za mji huu kama zilivyo Ruashi, Kampemba na Kenya, huku mvua ikinyesha kiasi kwamba wajumbe waliotoka Ruashi walifika wamelowa na tukachelewa kuanza. Tulikuwa tumekubaliana mapema kwamba lugha ya kikao iwe Kiswahili cha hapa hapa mjini, kwa sababu Kifaransa kikianza tu waliosoma sana huzungumza na wengine hunyamaza. Kwamba nauli irudishwe mlangoni siku hiyo hiyo. Na kwamba madaktari na wauguzi wazungumze mwisho. Sharti hilo la mwisho liliwawia gumu wenzangu, lakini walilitii.

Aliyefungua mazungumzo ni mama mmoja wa Kampemba, aliyekwisha kuzika mtoto mmoja na kubaki na mwingine wa miaka minane. “Dokta, baridi njo inatuulia batoto,” alisema, na ukumbi mzima ukaitikia. Msomaji wa pwani anaweza kushangaa, lakini Lubumbashi iko kwenye uwanda wa juu, mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake si ya mzaha. Mama huyo alieleza anavyofanya msimu huo: huchemsha maji saa tatu usiku, huyatia katika chupa mbili za plastiki, huzizungushia kitenge na kuziweka moja kila upande wa magoti ya mtoto, zikipoa saa nane za usiku huamka na kuchemsha tena. Akiishiwa na chupa huingiza mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, chumbani. Ndipo akatuuliza swali ambalo hakuna mtafiti aliyekuwa amelifikiria: kipi kinamdhuru mtoto zaidi, ile baridi au ule moshi?

Muuguzi wetu alijibu papo hapo sehemu isiyohitaji utafiti, kwamba makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu ambayo huishika himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu kuliko oksijeni yenyewe, na kwamba mtu mwenye upungufu wa damu ndiye wa kwanza kuumizwa nayo. Sehemu iliyobaki ni ya utafiti kabisa. Chembe nyekundu za mgonjwa hupinda na kuwa kama mundu zikishaachia oksijeni. Baridi inapoifanya mishipa midogo isinyae, damu hupita polepole, chembe hupata muda mrefu wa kupinda kabla ya kurudi mapafuni, zinakwama, na maumivu yanaanza. Hayo yako vitabuni. Lakini ni namna gani nyumba ya matofali na mabati ya Katuba inaweza kupashwa joto bila moshi na kwa bei ambayo mama anaimudu, hilo halimo katika kitabu chochote nilichopata kusoma darasani.

Rasimu tuliyokuja nayo ilihusu himoglobini ya utotoni, yaani ile aina ambayo mtoto huzaliwa nayo, na tofauti zake kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ni swali zuri, na mwenzetu wa maabara analipenda kwa haki, lakini mwisho wa kikao yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza lisogezwe nyuma ya lile la baridi.

Machi: dawa ambayo jibu lake lipo

Swali lililorudiwa na watu wengi kuliko yote lilikuwa juu ya haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayopunguza krizi, yaani vipindi vya maumivu makali. Kwa taratibu za kuchuja maswali lilipaswa kuondolewa, kwa kuwa utafiti ulikwisha kulijibu, tena kwa kuwahusisha watoto wa nchi hii. Utafiti uitwao REACH, uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na ambao kituo chake cha Kongo kilikuwa hospitali ya Monkole ya Kinshasa, uliwapa dawa hiyo watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10. Matokeo yake, yaliyotangazwa Desemba 2018, yalionyesha kwamba kwa kila watoto 100 katika mwaka mmoja, krizi za maumivu zilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6, malaria kutoka 46.9 hadi 22.9, kuongezewa damu kutoka mara 43.3 hadi 14.2, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1.

Nilizisoma takwimu hizo kikaoni na kuzieleza moja moja. Baba mmoja, fundi wa magari kutoka Kenya, ile komini ya hapa mjini na si nchi, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba jibu hilo ni la mtu ambaye tayari ana dawa mkononi. Yeye hununua kapsuli ya miligramu 500, mtoto wake ana kilo 12, na utafiti wenyewe ulianza na miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo, yaani mtoto huyo anahitaji chini ya nusu ya kapsuli kwa siku. Alituonyesha mezani anavyofanya: hufungua kapsuli juu ya kipande cha karatasi ya daftari, huugawa unga kwa ncha ya kisu, nusu huirudisha ndani ya ganda na nusu huikoroga katika maji ya sukari. Mfamasia aliyekuwapo alimwomba kwanza avae glovu, kwa sababu unga huo haufai kushikwa kwa mikono mitupu wala kuvutwa puani, hasa pakiwa na mama mjamzito nyumbani. Baada ya hapo akakiri mbele ya wote kwamba wazazi wengi aliopata kuwahudumia hawakuwahi kupewa maelekezo yoyote ya kugawa dawa hiyo.

Basi swali halikuondolewa. Liliandikwa upya na wajumbe wenyewe. Sasa linauliza ni njia ipi ya kugawa kapsuli nyumbani inayompa mtoto kipimo cha kuaminika bila kumdhuru anayeigawa, na ni mara chache kiasi gani kwa mwaka damu ya mtoto anayetumia dawa hii inaweza kupimwa bila kumhatarisha, pale ambapo mzazi hawezi kulipia kipimo kila mwezi. Hapo ndipo nilipoona wazi faida ya kazi hii: ukaguzi wa maandishi peke yake ungelifunga swali hilo kwa alama ya “limejibiwa”.

Aprili: krizi huhesabiwa wapi

Rasimu ya kwanza ilipanga kupima mafanikio kwa kuhesabu ni mara ngapi mtoto analazwa hospitalini. Ni kipimo rahisi, daftari lipo, na wafadhili wanakielewa. Wazazi walikipinga kwa hoja ambayo sijaona pa kuipingia.

Hospitali nyingi hudai fedha za dhamana kabla ya kumpokea mgonjwa, na damu ikihitajika familia hutakiwa kuleta mtu wa kuitoa. Kwa hiyo mtoto hapelekwi kwa sababu ya ukali wa maumivu pekee; hupelekwa ukali wa maumivu unapokutana na uwezo wa mfuko. Mama mmoja anayeuza mboga katika soko la Kenya alisema kwamba mwaka uliopita mwanawe hakulazwa hata mara moja, na kwamba ulikuwa mwaka mbaya kuliko yote tangu azaliwe, kwa kuwa biashara ilikuwa imeanguka. Katika majedwali yetu mtoto huyo angeonekana ndiye mwenye afya bora. Utafiti ungeweza hata kuhitimisha kwamba mitaa maskini zaidi ina krizi chache zaidi, na mtu akapanga bajeti kwa kufuata hitimisho hilo.

Tumekubaliana kwamba kipimo kikuu kiwe siku za maumivu nyumbani, zinazoandikwa na mzazi au na mgonjwa mwenyewe, na kwamba kulazwa kubaki kipimo cha pili. Inamaanisha kazi kubwa zaidi kwetu na data zisizo nadhifu. Mtakwimu ameomba muda wa kuangalia upya ukubwa wa sampuli, na amepewa.

Mei: wazazi na wagonjwa hawakubaliani

Tulikuwa tukisema “wagonjwa na wazazi” kana kwamba ni kundi moja. Kikao cha Mei kilionyesha kwamba ni makundi mawili yenye masilahi tofauti.

Wazazi kadhaa walitaka swali la kupima wachumba kabla ya ndoa liwe miongoni mwa yale ya juu, kwani tayari baadhi ya makanisa mjini huwataka wachumba walete majibu ya elektroforesi, kipimo cha damu kinachoonyesha aina ya himoglobini. Dada mmoja wa umri wa miaka ishirini na kitu, mwenyewe SS, aliomba ruhusa ya mwenyekiti na kusema kwa heshima kubwa: “Mama zangu, mukizungumza hivi mbele yetu, munasema ingekuwa heri sisi tusizaliwe.” Hakuna aliyejibu kwa muda. Baadaye mama mmoja mzee alimwambia kwamba hawakukusudia hivyo, kwamba wanachoogopa ni maumivu na wala si mtoto, na mjadala ukaendelea kwa upole lakini bila mapatano. Niliandika hoja zote mbili kama zilivyotamkwa. Swali limebaki kwenye orodha, chini, na kando yake limeandikwa pingamizi la watu wazima wagonjwa. Sikubaliani na wale wanaodhani kwamba kikao kizuri ni kile kinachomalizika kwa kauli moja.

Tangu hapo watu wazima wanakutana peke yao kwanza, wanaume mbali na wanawake, kabla ya kikao cha wote. Matokeo yalionekana mara moja. Vijana wa kiume walitaja jambo ambalo hakuna mzazi aliyekuwa amelitaja, yaani kusimama kwa uume kwa saa nyingi kwa maumivu makali bila hamu yoyote, jambo ambalo lisipotibiwa mapema huweza kumharibia mtu uwezo wake wa ndoa. Wengine walikuwa wamelificha tangu utotoni wakidhani ni aibu yao binafsi. Wanawake walileta maswali ya ujauzito na uzazi, na wote kwa pamoja walileta suala la mtihani wa taifa, ambao haumsubiri mwanafunzi aliyeingia kwenye krizi usiku wa kuamkia siku yake.

Mjumbe mmoja, mkazi wa mtaa ulio karibu na viwanda vya shaba, aliuliza kama vumbi la madini linaweza kuongeza ukali wa ugonjwa. Utafiti uliofanyika mjini humu na kuchapishwa mwaka 2020 ulikwisha kuonyesha uhusiano kati ya baba kufanya kazi ya madini na mtoto kuzaliwa na kasoro za mwili. Selimundu ni ya kurithi na haitokani na vumbi, lakini swali la ukali wake ni halali, na limeandikwa.

Juni: fomu ya ridhaa na kijiko cha chai

Tuliisoma fomu aya kwa aya. Ilipofika penye “mililita 5 za damu”, kelele zilipanda. Mtoto mwenye SS huishi na himoglobini ya gramu 6 hadi 9 hivi katika kila desilita, mama yake anajua alivyohangaika kutafuta chupa ya damu, halafu mtu wa utafiti anamwambia kwamba anataka kuchukua kidogo. Muuguzi alimimina maji kutoka kwenye kichupa cha maabara hadi kijiko cha chai kikajaa, akakipitisha kwa kila mmoja. Wajumbe waliamua kwamba kijiko hicho kioneshwe kwa kila familia kabla ya sahihi, na kwamba mtoto aliyeongezewa damu hivi karibuni asichukuliwe damu ya utafiti hata kama mzazi amekubali.

Halafu likaja jambo zito zaidi. Rasimu ilitaka kuwapima wazazi wote wawili. Mama mmoja aliuliza, kwa sauti ya chini, mtafanya nini iwapo mtoto ni SS na majibu ya baba yanaonyesha hana jeni hiyo kabisa, yaani huenda si yeye aliyemzaa. Ukumbi ulimwelewa upesi. Tayari akina mama wengi hutupiwa lawama na upande wa mume kwamba wao ndio walioleta ugonjwa katika ukoo, na karatasi moja ya maabara inaweza kuvunja nyumba au kumwacha mtoto bila mlezi. Tulijadili kwa kirefu na tukafikia uamuzi huu: baba hapimwi na mradi, kwa kuwa hakuna hata swali moja lililobaki kwenye orodha linalohitaji majibu yake, na anayetaka kujijua ataelekezwa kwenye huduma ya kawaida pamoja na ushauri.

Julai: daftari la maumivu katika msimu wa baridi

Familia zilizojitolea zimelijaribu daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na nyuso tano, kuanzia inayotabasamu hadi inayolia machozi, na wazazi waliukataa. Walisema kwamba mtoto aliyezoea maumivu halii. Hunyamaza, hugeukia ukuta na kukataa bukari, yaani ugali. Mtafiti akimkuta hivyo atatia alama kwenye uso wa katikati wakati hali ni mbaya kabisa. Mahali pa nyuso sasa kuna mchoro wa mwili ambao mtoto huonyesha panapouma, na maswali matatu kwa mlezi: amelala? amekula? amecheza? Chini yake kuna jua na mwezi, kwa kutofautisha mchana na usiku. Ombi la kuweka pia alama ya umeme kukatika, kwa sababu usiku wa giza hita haziwaki kwa wale walio nazo, nalo limekubaliwa.

Katika mwezi huu pia kamati ya maadili iliuliza kama ushirikishaji wa kiasi hiki si mzigo kwa watu maskini. Tulijibu kwa maandishi. Azimio la Helsinki, lililopitishwa mara ya kwanza mwaka 1964, lilirekebishwa Oktoba 2024 na sasa linataka washiriki na jamii zao washirikishwe kwa maana kabla ya utafiti, wakati wake na baada yake. Na nchi yetu ina ushahidi wake. Katika mlipuko wa Ebola wa Kivu na Ituri wa mwaka 2018 hadi 2020, majaribio ya dawa nne yaliwahusisha wagonjwa 681 katika eneo la vita, na watu walionusurika walifanya kazi ndani ya vituo wakiwalea watoto wa wagonjwa. Mlipuko huo huo ulionyesha pia gharama ya kuamua kwa niaba ya watu: mwanzoni wajawazito na wanaonyonyesha walinyimwa chanjo kwa nia ya kuwalinda, na uamuzi huo ulikuja kubadilishwa mwaka 2019, wakati wengi wao walikuwa wamekwisha kuwa hatarini. Mzigo wa kweli kwa mama wa Katuba ni siku ya soko anayoipoteza, na dawa yake ni kumlipa siku hiyo. Kiwango kimewekwa kwa kulinganisha na faida ya kawaida ya muuza mboga, kisiwe kikubwa kiasi cha kumfanya mtu aje kwa ajili ya fedha, wala kidogo kiasi cha kumdharau.

Agosti: itifaki mpya

Itifaki, yaani mpango kamili wa utafiti, iliyoandikwa upya imekabidhiwa kamati ya maadili. Swali la kwanza ni joto la nyumba wakati wa baridi, la pili ni kugawa kapsuli, la tatu ni kutambua na kutibu mapema tatizo la vijana wa kiume. Himoglobini ya utotoni ni la saba, na mwenzetu wa maabara ataanza kulitafutia fedha mahali pengine huku akiendelea kukaa nasi. Wajumbe wamedai, na imeandikwa, kwamba matokeo yatasomwa Katuba kwa Kiswahili kabla ya kupelekwa kwenye mkutano wowote wa madaktari.

Suala lililochukua sehemu kubwa ya kikao cha mwisho ni majina. Vijana wanataka majina yao yawe kwenye orodha ya waandishi wa makala, kwa kuwa maswali ni yao. Akina mama kadhaa hawataki kabisa, kwa sababu jina likichapishwa pamoja na ugonjwa, binti mwenye afya katika nyumba hiyo hiyo anaweza kukosa mchumba. Kila mjumbe ataandika chaguo lake katika bahasha na kumkabidhi mwenyekiti, na anaweza kulibadilisha hadi siku ya kutuma makala. Atakayekataa jina lake atawakilishwa na jina la kamati. Bahasha zitakusanywa Septemba, pamoja na madaftari ya msimu huu wa baridi, kabla mvua hazijaanza.